Disketi ya Kumi na Mbili

Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
pale panapouzwa sasa vioo vya simu,
palikuwa na kompyuta tatu za mjomba Singano,
alizozinunua kwa kilo ofisi ya mkonge ilipofungwa.
Moja ilikuja na mishahara ya vibarua ndani yake.

Hakuifuta. Aliisogeza kando tu,
akapakia mbio za magari, disketi kumi na mbili,
moja baada ya moja, kama anayemlisha mgonjwa uji.

Haukuwa mchezo wa kubonyeza na kushangilia.
Mafuta yaliisha. Matairi yakipoa yalikutupa nje.
Ukiingia kona kwa papara, kona inakulipa palepale.
Usukani: rimu ya baiskeli ya mtoto na kamba ya katani.
Breki: springi ya kitanda, ikilia kila ukiikanyaga.
Wavulana walipinda na kila kona,
benchi zima likilala kushoto, likilala kulia.

Mimi nilikaa na daftari.
Shilingi hamsini, dakika kumi.
Kibwana, 1:34.6. Shemdoe, 1:33.9.
Hakuna aliyeniuliza kama nami najua.

Alfajiri, kabla umeme haujakatwa,
kazi yangu ilikuwa kufagia. Nilifagia haraka.
1:31.2. Nikaandika: Mgeni.
Mwaka mzima walimtafuta huyo Mgeni,
wengine wakiapa ni baharia wa meli ya saruji,
na mimi hapo hapo, nachonga penseli.

Mjomba hayupo. Sanduku limekuja kwangu.
Chumvi ya hewa yetu haina adabu:
imekula skrubu, imeotesha ukungu kwenye disketi.
Nina spiriti, nina pamba ya masikio.
Nafuta, nasoma, nanakili.
Betri ya saa imekufa; kila ikiwashwa
kompyuta inaamini ni Januari mosi, 1980.
Siisahihishi. Tarehe hiyo hata mimi sijazaliwa,
na mjomba ana nywele.

Binti yangu anauliza: kwani si ipo mipya,
ile inayoonyesha mpaka jasho la dereva?
Ipo. Namwambia akae, akanyage breki.
Springi inalia. Anatoka nje kona ya kwanza,
anacheka, anarudi, anatoka tena.

Kumi na moja zimesomeka.
Ya kumi na mbili ndiyo yenye barabara ya mvua.
Inakoroma, inasita, inakataa.
Naitoa, naifuta, nairudisha,
naandika kwenye daftari lile lile, kwa penseli:
jaribio la arobaini na moja.
Mgeni.