Rangi ya Kitani

Idrija, Februari, theluji imegeuka matope.
Daktari Tadeja amenitandazia visahani vitatu
mithili ya muuza shanga: dhahabu,
kitu cha kijivu asichokisifu, na kauri.
"Chagua, Bi Zofka. Kinywa ni chako."

Kinywa changu!
Miaka hamsini na mitatu nimekaa na zebaki humu,
magego manne, aliyaziba daktari wa mgodi
bure, kwa kuwa baba alikuwa mtu wa shimo.
Bure. Tulilipenda neno hilo.

Baba alipanda juu na mikono inatetemeka,
kijiko kikagonga bakuli, kikagonga tena.
Mama alimtilia supu nusu,
asije akamwaga aibu mezani.
Mimi nikajifunza kufuma lesi,
jozi kumi na nne za vijiti, mkono umetulia tuli,
na uzi nikiukata kwa meno. Kwa yaya haya.

Tadeja haapi. Wengi, asema,
huzeeka na vijazo hivyo, wasidhurike;
na kuvitoa nako kuna mvuke wake:
atanivika mpira, pampu, hewa ya puani.
Sikuja kutishwa, wala kubembelezwa.
Kilichomtetemesha baba
kisilale ulimini mwangu, basi.

Jino la pembe si dawa ya pengo.
Najua. Sikuja kudai dawa.

Kisha rangi: vipande kumi na sita kwenye waya,
kuanzia weupe wa uongo
hadi manjano ya chai iliyolala.
Namwonyesha kile cha kitani kilichofuliwa sana.
"Mbona using'ae kidogo?"
Jino lisiwe dogo kuliko ulimi, mwanangu.

Bei ilimeza kitambaa cha meza,
miezi saba ya kazi, nilichomwekea Neža
kwa arusi ambayo hata mchumba hajaonekana.
Nikamwambia. Akacheka mpaka akakaa chini:
"Bibi, umekula kitambaa changu!"

Vile vya zamani nimeviona ndani ya chupa ya kifuniko chekundu,
vinne, vidogo kama punje za dengu,
wao na mlima wao.

Usiku, ganzi imeondoka. Nimekaa na mto wa lesi,
nimefunga fundo, nimeuma uzi.
Una ladha ya uzi.
Nimeuma tena, nihakikishe.

La juu kushoto limezidi kidogo, linagonga.
Jumatatu nitarudi alipige tupa.