Mkungu Uliouzwa Mara Nne

Saa tisa usiku nafungua friji.
Mwanga wake mweupe unanimwagikia miguuni,
juu ya vigae nilivyoagiza ng'ambo
vikapanda mlima kwa fuso hadi huku Kidia.
Maziwa yapo. Nyama ipo.
Jibini ipo, ya nchi nisiyoweza kuitamka.
Nafunga. Nafungua tena,
kama mtu aliyesahau jina la anachokitafuta.

Aikasia anauliza kutoka chumbani, "Una njaa?"
Nasema hapana. Nasema ndiyo.
Nasema lala.

Saa kumi na moja kengele ya usharika
ikagonga ukungu. Mwanga ukapita
nje ya dirisha langu la alumini: Ndelilio,
mjane wa seremala, simu yenye tochi kaibana kwa meno,
maana mikono yote miwili imeshika mkungu kichwani.
Nilimtazama mpaka migomba ikammeza.
Sijui kwa nini nilivaa viatu.

Ibada sikuisikia vizuri, nakiri.
Mchungaji alihubiri, mimi nikihesabu mbao za dari
nilizozichangia; jina langu lilitajwa mwezi wa saba.
Nilipopiga magoti suruali ilinibana.
Sala yangu ilikuwa fupi kama meseji:
Bwana, nina kila kitu. Nisaidie.

Halafu mnada, nje, kando ya ukuta wa mawe.
Mzee wa kanisa Nderingo, sauti kama debe lililopasuka,
akanadi mayai sita, akanadi kikapu cha maparachichi;
jogoo aliyefungwa miguu alitutazama kwa dharau.
Kisha mkungu wa Ndelilio:
mchare, umenona, utomvu bado unadondoka.
"Elfu kumi!"
"Kumi na mbili!"
Mimi nikasema laki.
Watu wakageuka.
Nilipenda walivyogeuka. Nakiri na hilo.

Nderingo akanisubiri nibebe. Sikubeba.
Liko neno la mnadani, nililisahau mjini,
likanitoka lenyewe kama kikohozi:
"Narudisha. Uuzwe tena."

Ukauzwa tena. Mwalimu Kiwelu, elfu nane; akarudisha.
Fundi baiskeli, elfu tatu,
noti zimekunjwa zikawa ndogo kama kashata; akarudisha.
Na kila ulipoinuliwa mikononi mwa Nderingo
mkungu ule haukupungua hata chana moja,
na mimi, jamani, niliyekula mchana na usiku
mwaka mzima bila kuonja,
nikasikia tumbo linatulia.

Mara ya nne hakuna aliyetaja bei.
Ndelilio mwenyewe akapita mbele,
akafungua fundo la kanga, akahesabu:
mia tano, mia tano, mia mbili.
Akainunua sadaka yake mwenyewe,
akampa Manka, binti wa Eliakunda;
mama mtu hajainuka kitandani tangu kahawa ilipochumwa.
"Mpikie mtori," akasema. "Chumvi usizidishe."
Hakusema lingine. Mimi hakunitazama.

Mtoto hakuweza kuubeba, basi nikaubeba,
begani, kwa njia ya mfereji, nikiteleza,
shati langu la Jumapili likinywa utomvu.
Kwa Eliakunda hakuna kigae. Kuna moshi, kuna kigoda.
Alinishika mkono akaniombea mimi,
yeye mgonjwa, mimi mzima,
kwa Kichaga, polepole,
kama anayemlisha mtoto kwa kijiko.

Usiku huu friji inanguruma peke yake.
Nimekaa jikoni, taa nimezima.
Bwana, nimekwisha kununuliwa na wengi:
benki, kiwanja, macho ya watu pale uani.
Nirudishe. Niuzwe tena.
Hata kwa mia mbili.

Utomvu wa mgomba hautoki, kila mama wa huku anajua.
Aikasia ameliloweka shati mara mbili.
Nimemwambia aache.