Zisizo na Stelingi

Wateja wangu wa Kibirizi,
mnaolipa mia tatu na kudai chenji ya elfu kumi
penalti inapopigwa,
leo ungo umegoma. Fundi Gwasa yuko juu ya bati tangu adhuhuri,
anaugeuza kama chapati isiyotaka kuiva.
Basi nisikilizeni mimi, mkata tiketi.

Ninazo hapa, kwenye flashi niliyoifunga kamba ya kiatu,
filamu za kweli.
Najua. Ntakije ameshaguna.
Filamu isiyo na stelingi, mnasema, ni taarifa ya habari.
Lakini stelingi wenu hafi, nanyi mnajua hafi,
ndiyo maana mnakaa mmekunja nne, mnatafuna karanga.
Humu mtu yeyote anaweza kufa.
Humu mtu anaweza hata kuzeeka.

Anzeni na ile ya golikipa.
Alifungwa saba siku moja, uwanja umejaa maji.
Siku hizi anauza matairi. Anaulizwa,
naye anayataja magoli yote kwa utaratibu,
la kona, la kichwa, lile la beki wake mwenyewe,
kama mtu anayetaja majina ya wanawe.
La tano analiruka.
Anayemhoji hamkumbushi.
Ntakije, wewe unayetukana makipa, hiyo itazame mara mbili.

Ya pili ina baridi, njooni na makoti.
Mama mmoja, kisiwa cha kaskazini huko,
anapima theluji kwa fimbo kila alfajiri
na kuandika namba kwenye daftari.
Ndiyo, Wakili, ni hivyo tu.
Watakaolala nawasamehe, hata mimi nililala.
Nilipoirudia ndipo nikaona:
katikati ya filamu, mkono unaoandika
si ule wa mwanzo,
na hakuna aliyesema neno.

Ile ya tembo achaneni nayo.
Mtu anaongea mno, tembo hapewi nafasi.

Ya Uvinza nimeiweka mwisho. Haina jina,
faili limeandikwa namba tupu.
Walikuja watu wawili na kamera begani
mwaka niliokuwa darasa la tatu,
wakapiga moshi, wakapiga masufuria ya maji ya chumvi yanayotokota,
wakapiga wanawake wakikwangua weupe chini ya sufuria.
Dakika ya kumi na saba anapita mwanamume
na mzigo wa kuni kichwani,
anaitazama kamera kama anayedaiwa,
anapisha, anatokea kushoto.
Sekunde nne.

Yule ni Bitaliho. Yule ni baba.
Nyumbani hatuna hata picha yake ya kitambulisho.

Nilimleta mama usiku, nikishafunga,
nikapangusa kiti, nikakisogeza mbele.
Baba alipotokea nikabonyeza,
akaganda pale ndani ya moshi,
nami nikageuka nione uso wa mama.
Akanichapa mkono.
"Mwachie apite! Kuni mbichi zile.
Unamsimamishaje mtu na mzigo?"

Nikamwachia. Akapita.

Majina yalipoanza kupanda, mama, ambaye hajui kusoma,
akauliza lake ni lipi.
Halikuwamo.
Nikaweka kidole kwenye mojawapo, refu,
nikasema hili.
Akalifuata kwa macho mpaka lilipomezwa na ukingo wa juu.
Katika filamu ile nzima
uongo ni huo mmoja, na ni wangu.

Nitaiweka kesho saa kumi na mbili jioni, mia mbili tu.
Sharti langu ni moja: asiniambie mtu
"hebu simamisha hapo."

Haya, Gwasa anapiga kelele juu ya bati.
Picha imerudi, bila bila, dakika ya sitini.
Ingieni, ingieni, mia tatu,
Wakili, chenji baadaye.
Flashi ninayo mfukoni.