Kiganja Hutangulia

Jumamosi, saa nne asubuhi. Duka la Euzebiusz
lanuka mpira na mafuta ya mnyororo.
Nje, Suwałki imejikunyata chini ya theluji ya kwanza,
ile nyepesi, isiyojua bado kama itakaa.
Nimekuja na zloti mia tatu na arobaini
ndani ya bahasha ya bili ya gesi.

Gari tuliliuza Septemba. Pikipiki ilibaki
kwa sababu hakuna aliyeitaka.
Kilomita kumi na tisa hadi kiwanda cha jibini,
zamu inaanza saa kumi na moja alfajiri,
na Novemba haiulizi nani aliuza nini.

Euzebiusz anapanga jozi tatu mezani,
taratibu, kama mtu anayelaza watoto.

Ya kwanza imeshindiliwa pamba hadi vidole vimevimba.
Naingiza mkono: joto la mkate.
Kisha napanda pikipiki ya maonyesho, natafuta breki,
na breki haipo. Ipo, lakini ni uvumi tu,
habari inayonifikia kupitia mablanketi.
Zloti tisini.
Rahisi ni ghali, alizoea kusema baba.
Hakusema ghali ni nini.

Ya pili ina nyaya ndani ya bitana, betri penye kifundo,
kitufe chenye taa nyekundu.
"Unabonyeza tu, unasahau kama ni Januari."
Mia sita na themanini.
Nabonyeza. Nasahau Januari.
Sisahau viatu vya Jagna, ambaye mguu wake
umekua namba mbili tangu Pasaka.
Nazima.

Ya tatu ni ngozi ya mbuzi, ya msimu uliopita,
gamba gumu juu ya vifundo vya vidole,
na chini, pale kiganja kinapokutana na mkono,
kipande cha plastiki, laini, cha kutelezea.

Hapo nikanyamaza.
Kwa maana kiganja changu cha kulia kina ramani:
kokoto za barabara ya Sejny, Agosti, miaka sita nyuma,
na glavu za bustani, za kitambaa, zenye maua.
Mtu akianguka hafikiri. Kiganja hutangulia
kama mwenyeji anayekimbilia mlango,
hata mgeni akiwa ni lami.
Muuguzi aliyachokoa mawe kwa kibano
akihesabu kwa sauti. Aliishia ishirini na tatu.
Moja lingali humu; nikikunja ngumi hulisikia.

"Lakini hizi ni baridi," anasema Euzebiusz,
ambaye ukweli utamfilisi siku moja.
"Chini ya sifuri, nusu saa, vidole vitakusahau."
Naangusha sarafu sakafuni, naiokota nikiwa nimezivaa.
Naiangusha tena, naiokota tena.
"Mia mbili na sitini."
"Thelathini. Zina vumbi."
Anapuliza vumbi. "Arobaini."

Nyumbani, mama mkwe anazigeuza, anazinusa, anaguna.
Halafu Genowefa anakwenda kabatini, anatoa
kitambaa cha meza cha plastiki, chenye picha za cheri,
na fulana ya ngozi ya kondoo ya marehemu mumewe,
ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa tangu mazishi.
Mkasi wake haukusita. Usiku kucha cherehani ilipiga kelele,
na asubuhi usukani wangu ulikuwa na mifuko miwili,
manyoya ndani, cheri nje,
ya kuchomeka mikono, glavu na vyote.

Jumatatu, nyuzi sita chini ya sifuri.
Klachi naijua, breki inanijua.
Kidole cha mwisho cha kulia kinalalamika tangu darajani
na mimi nakiacha kilalamike.
Getini wanaume wa zamu ya usiku wanashika mbavu:
jiko limekuja kazini! Ziko wapi sahani?

Ijumaa, Zbyszko, aliyecheka kuliko wote,
ananivuta kando ya matangi ya maziwa,
mikono yake kwapani, pua nyekundu.
Anauliza mama mkwe anatoza kiasi gani,
na kama anacho kitambaa kisicho na matunda.