Risiti ya Asali

Tulimwita Mrusi tangu siku ya kwanza.
Aliposhuka Elburgon na buti zake za mpira,
nywele rangi ya tope la Njoro,
karani wa chama aliandika: Glafira, Mrusi,
akagonga mhuri, akaagiza chai.

Amekuja kutufundisha mizinga ya masanduku,
sisi, Waogiek, tuliolelewa na nyuki.
Shangazi Tabutany hakuficha:
"Atatuonyesha nini huyu?"
Lakini alipofunua mzinga mikono mitupu,
akawasemesha nyuki kwa sauti ya chini
kama anayembembeleza mgonjwa anywe uji,
shangazi alinigusa mbavuni.
"Hicho si Kirusi. Mtu hasemi na nyuki kwa lugha ya ofisini."

Tukamuuliza. Akacheka.
Mimi Mudmurti, akasema
kwa Kiswahili chake cha kuungaunga,
na murt, kwetu, ni mtu.
Murt, shangazi akarudia. Mtu.
Akalitafuna kama sega lililokwisha utamu
ambalo hutaki kulitema.

Akaichukua risiti, kilo kumi na saba, haijalipwa,
akaandika mgongoni mwake:
chechy, asali. Mush, nyuki.
Kyl, ambayo ni ulimi, ni neno, ni lugha,
vyote katika silabi moja,
kama watu waliohama usiku na mzigo mdogo.
Herufi nyingine zina nukta mbili kichwani,
vipapasio, alisema Leboo mwanangu,
naye hakuambiwa.

Mto wa kwao unaitwa Kama.
"Kama nini?" shangazi akauliza.
"Kama tu."
Hadi leo, nyumbani, swali likikosa jibu
tunajibizana hivyo.

Jua lilipopungua alisimulia jambo moja
huku akilamba kisu.
Alikuwa na miaka sita, ndani ya basi, mjini,
amemwonyesha mama yake farasi dirishani
kwa sauti, kwa lugha ya nyumbani.
Mama alimfinya paja.
Ongea kama watu, alimnong'oneza.
Ongea kama watu,
kwa lugha ambayo jina lake lina mtu ndani!
Sasa vijana wa kijiji chao, akiwapigia simu,
humjibu kwa Kirusi, kwa adabu sana.

Shangazi hakusema pole.
Alimgeukia Leboo. "Niletee kumyaat."
Mtoto akamtazama, akanitazama mimi.
"Kumyaat ni nini?"
Na ndoo ilikuwa mbele yake, imejaa.

Glafira aliondoka Disemba, ukungu ukiwa Mariashoni.
Risiti iko kwenye msumari ghalani,
wino umelowa asali, mush haisomeki vizuri.
Ile ya kilo kumi na saba walilipa Machi.

Haya nayaandika kwa Kiswahili.
Kilinisomesha, kilinipa kazi Nakuru, kilinipa mume,
na sijui kumchukia mama wa kambo aliyenilisha.
Ila pajani mwangu pana alama
na sikumbuki ni nani aliyenifinya.

Leo alfajiri nimefunua mzinga bila glavu.
Nikaanza, kwa Kiogiek, polepole:
neno la kwanza, la pili.
La tatu nikaliazima kwa shangazi.
La nne likakataa kuja.

Nyuki wakasubiri.