Mchezo Ule Ule, kwa Mkono

Msellem wa Mwembe Tayari kanifungulia boksi,
mtumba wa Dubai, mikwaruzo ubavuni,
ndani fimbo nyeupe, fupi, kama rimoti ya feni.
"Dada, ni ule ule mchezo wa mpiga mishale.
Ila sasa huminyi. Warusha mkono."
Elfu nne na mia tano. Fimbo ya pili, bei yake mbali.

Ule ule.
Basi niulipie mara ya pili kwa nini?

Wa kwanza ninao. Uko chumbani Guraya,
chini ya televisheni ya kichogo,
kitufe kimoja kimefutika alama
kwa gumba langu na gumba la Badi,
kabla hajaenda Doha kulinda milango ya watu.
Kidole kimoja hakivunji chawa, wasema,
lakini gumba hili limevunja majeshi.
Hata gizani najua: kwenye daraja, hatua tatu, ruka;
haramia wa pili hutokea kushoto,
usimpige, mwache apite,
ndiye atakayeangusha ufunguo.
Hatukufundishwa na mtu. Tulikufa mara arubaini, tukajua.

Msellem akanipa siku tatu za kujaribu,
akabaki na kitambulisho changu.

Siku ya kwanza nilivunja balbu.
Nilivuta upinde, kiwiko kikagonga friji,
mpiga mishale akatazama mbinguni kama anayeomba mvua.
Mimi nimeshashusha mkono, yeye bado anafikiri.
Waliotengeneza hii fimbo wana masebule.
Hawajaishi chumba ambacho
ukifungua mlango, kitanda husogea.
Na betri! Mbili kwa siku mbili,
juu ya tokeni ya stima.
Nikairudisha kwenye boksi, roho yangu nyeupe:
sinunui.

Siku ya pili akaja Kadzo kuomba chenji,
Kadzo wa viazi vya karai, mkono una unga wa dengu.
Miaka sita jirani, hajagusa mchezo hata mmoja;
vile vitufe, asema, ni kama mbegu za mpapai,
hajui ale kipi ateme kipi.
Nikampa fimbo kwa mzaha.

Hakuuliza kitu. Akafumba jicho moja,
akarusha vile arushavyo kila asubuhi
kumtoa kunguru kwenye sinia lake.
Wa kwanza chini.
Wa pili chini.
Yule haramia wa kushoto, nikapiga kelele "Mwache!",
chini naye, na ufunguo wetu ukazama mtoni.
Kadzo akacheka hadi leso ikamfunguka.
Ufunguo wa nini? Yeye hakuja kutafuta mlango.
Viazi vikaungua nje. Akarusha tena.

Usiku Badi akapiga simu ya picha.
"Daraja bado lipo?"
Lipo. Maji wameyapaka rangi mpya.
"Nioneshe nirushe," akasema,
akainua mkono, mkono ule ule ulioshika simu,
nikaona dari ya Doha, taa ndefu,
vitanda vya ghorofa, miguu ya mtu alolala,
kisha uso wake tena.
"Nimempata?"
Umempata, nikasema.

Sasa ukiniuliza kama yafaa kununua,
sina jibu la kukutosha.
Kama waujua mchezo, kaa na ulichonacho;
mkono utakuchelewesha, utakukasirisha,
utakuvunjia balbu.
Mimi nilirudi Mwembe Tayari na elfu tatu mkononi,
na maneno ya kumsuta Msellem juu ya friji na kiwiko.
Tukavutana hadi adhana ya alasiri.
Akakubali. Akanirudishia kitambulisho,
akaniongeza betri nne za bure.

Mbili zilikuwa zimekufa.
Kadzo kaziweka juani, juu ya mabati, ati zitafufuka.