Mstari wa Nne

Mwaka ule theluji iliiwahi Covilhã kabla ya kondoo kushushwa,
nami nilikuwa na miaka kumi na minne.
Kazi yangu: kufagia, kuchochea jiko,
na kuzirudisha herufi vijumbani mwake,
a kwa a, e kwa e, kama kulaza watoto wa watu.

Bwana Adérito alipanga mashairi
jinsi alivyopanga matangazo ya mnada:
risasi ndogo ndogo zisizowahi kuua mtu,
moja baada ya moja, kinyumenyume,
kama uso unavyojiona kiooni.

Dona Felismina alileta karatasi nne za daftari la duka,
shairi moja, mwandiko wa mtu aliyeacha shule mapema.
Mstari mmoja ulirudi mara nne:
*Funga mlango, baridi.*
Bwana Adérito alicheka puani. "Kasahau kwamba keshausema."
Akaupanga mara moja,
mitatu akaikata kwa penseli.

Alhamisi akaja kusoma nakala ya majaribio.
Hakuvua skafu, hakukaa.
Alisoma hadi chini, akarudi juu
kama mtu aliyeangusha funguo njiani.
"Wengine wako wapi?"
"Wengine nani, Dona?"
"Milango yangu mitatu."

Wa kwanza, alisema, ni Amadeu anarudi kiwandani,
sufu imemganda nyusini, nami nina unga hadi viwikoni.
*Funga mlango, baridi.*
Tulikuwa hatuna neno jingine la mapenzi.

Wa pili, watoto wametoka mbio kuiona theluji,
mdogo kiatu kakishika mkononi.
*Funga mlango, baridi!*
Hapo nacheka.

Wa tatu, wanaume sita wametoka naye mabegani,
wamemwinamisha kidogo, sanduku lisikwaruze mwimo
alioupaka rangi mwenyewe mwezi wa tano.
Mlango uko wazi. Hakuna anayethubutu kuugusa.
Ikanitoka, kwa sauti ileile ya siku zote.

"Na wa nne hauna mtu."
Tulitazama sakafu.
"Wa nne hauna mtu," alisema tena,
na safari hii nikasikia.

Bwana Adérito aliuhesabu ukingoni mwa meza kwa ukucha:
fu, nga, m, la, ngo, ba, ri, di.
Nane. Hakusema nane ya nini.
"Na chini yake, niache nafasi?"
"Acha."
"Kiasi gani?"
"Kiasi cha chumba."

Nikatumwa kuleta vipande visivyo na herufi.
Nani angejua kwamba weupe wa ukurasa nao ni risasi?
Ukimya wa Dona Felismina niliubeba kwa mikono miwili,
nikapumzika mara moja njiani.

Na hili hamtaliona kitabuni:
mstari uliokwisha kusimama hauazimwi.
Kuusema tena ni kutafuta herufi nyingine,
*f* nyingine, *g* nyingine yenye mkia uliochongoka,
*b* iliyotoka juzi kwenye tangazo la ng'ombe.
Jicho linasema ni uleule.
Vidole vyangu vinakataa.

Tulipofika wa nne, kijumba cha *n* kilikuwa kitupu.
Mzee alichukua *u*, akaipindua,
akaisimamisha kwa kichwa ndani ya *mlango*.
Akanikonyeza: hakuna atakayejua.

Yeye alijua. Alipitisha kidole karatasini,
wa kwanza, wa pili, wa tatu,
kikakwama.
"Huyu amesimama vibaya."
Bwana Adérito akaanza kujitetea,
Jumatatu tangazo la mnada litavunjwa, tutapata *n*, tutarekebisha.
"Mwache," alisema. "Nami ndivyo nilivyousema."

Akalipa kwa sarafu, akazihesabu mara mbili,
akatoka bila kurudisha mlango.
Theluji ikaingia hadi kwenye masanduku ya herufi.
Bwana Adérito alifumbua kinywa.
Alinitazama.
Akakifumba.